Duara kwenye Namba ya Mwisho

Želmíra alikuwa mkuu wa kituo chetu cha treni kwa miaka thelathini, wala siasa hakuzijua mpaka Tibor alipokuja na chama chake kipya cha kiliberali. Chama kilimweka Tibor mwisho kabisa kwenye orodha ya wagombea ubunge, namba mia na hamsini. Želmíra akapita nyumba kwa nyumba na keki za tufaha.

"Jirani, zungushia duara namba ya mwisho kwenye karatasi ya kura. Tukiwa wengi Tibor atawapita walio juu yake mpaka bungeni. Ameniapia treni yetu haiguswi."

Tukazungushia. Akapanda, akaenda bungeni, mji mkuu Bratislava. Kura yake ya kwanza bungeni ilikuwa ya kufunga reli yetu. Kumbe ulimi hauna mfupa!

Želmíra akampigia simu mbele yetu. "Tibor mwanangu, si uliniapia?"

"Mama, treni tupu ni ya nini? Watu wana uhuru wa kununua magari."

Mwezi uliopita Tibor alikuja kututembelea. Tulimpa mkono, tukammiminia slivovica, pombe yetu kali ya plamu. Želmíra ndiye tunayemkejeli, tukimchorea duara hewani kwa kidole akipita. Na mimi, niliyekula keki zake nne, humchorea kubwa kuliko wote.