Saini ya Baba Kahiga

Waithira aliuza mapazia ya mitumba katika soko la Kibuye mjini Kisumu mpaka magoti yakakataa. Kahiga, mwanawe wa pekee, ana duka la kutoa nakala karibu na chuo kikuu cha Maseno, na alikuwa amemsihi mara nyingi ahamie kule. Safari hii mama yake hakubisha. Aliamua kuuza nyumba yake ya Migosi, na mnunuzi hakukawia kupatikana: Ooko, mwalimu mstaafu, aliyeikagua siku moja tu akairidhia.

Wakili aliyewashughulikia aliitwa Lorine. Alikwenda ofisi ya ardhi kuhakiki hati, akaikuta safi, kisha akamwita Waithira.

"Mama, hati iko kwa jina lako peke yako. Hiyo ni sawa. Sasa, mzee yuko?"

"Aliniacha zamani."

"Mliachana kortini?"

"Korti ya nini? Alienda tu."

"Na mlioana wapi?"

"Kanisani. Kule Karatina."

Lorine aliweka kalamu chini. "Basi kwa sheria bado ni mume wako. Na kama mliishi pamoja ndani ya nyumba hiyo, ni nyumba ya ndoa. Haiwezi kuuzwa bila idhini yake."

Waithira alimwomba arudie. Alikuwa amejiita mwanamke asiye na mume kwa muda mrefu hivi kwamba jambo lile lilimfikia kama habari ya mtu mwingine.

Wahome, mumewe, aliondoka katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, Wakikuyu kama wao walipofukuzwa Kisumu. Duka lao la rangi na misumari pale Kondele lilichomwa, na yeye akapanda basi lililosindikizwa na polisi, akisema atarudi mambo yakitulia. Waithira hakupanda. Kahiga alikuwa na homa kali, na Awuor, jirani yao, aliwaficha wote wawili katika chumba chake cha nyuma mpaka barabara zikapitika. Mambo yalitulia. Wahome hakurudi. Baadaye ilisikika ana mke mwingine Karatina na watoto.

Waithira alimpigia simu dada yake Wahome, naye akampa namba. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Alieleza anachotaka, na Wahome akasema, "Nitakuja."

Alikuja wiki iliyofuata, amevaa koti zito lisilofaa kwa joto la Kisumu. Aliomba aione nyumba kwanza. Alipofika kwenye geti alisimama, mkono juu ya chuma, asiingie. Waithira alikuwa mlangoni akimtazama na hakumwita. Awuor ndiye aliyetoka kwake akiwa na ndoo ya maji, akamtambua.

"Baba Kahiga! Ai, umezeeka. Ingia basi, unasimama nje kama mgeni?"

Ndipo akaingia.

Waithira alimpa chai. Wahome alitazama ukuta, akatazama dari, akasema nyumba imetunzwa. Kisha akasema, "Niliwahi kuja, Mama Kahiga. Mwaka uliofuata. Nilifika Kericho, nikashuka kwa gari. Nikaona siwezi. Nikarudi."

Waithira hakuwa amelijua hilo.

"Kericho si mbali," alisema.

"Si mbali," Wahome alikubali.

Hakumwomba msamaha, na Waithira hakuonyesha kwamba anausubiri. Chai ilipokwisha alimwelekeza kwenye nyumba ya wageni.

Asubuhi walikutana ofisini kwa Lorine. Wakili alimwomba Waithira akae nje, maana mtu anayetoa idhini huulizwa akiwa peke yake, asije akawa amelazimishwa. Mlango haukufungika vizuri. Waithira, kwenye benchi, alisikia karibu kila neno.

"Mzee, unasaini kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Unaelewa kwamba baada ya hapa hutakuwa na dai lolote juu ya hiyo nyumba?"

"Naelewa. Ameilipia yeye, ameitunza yeye." Karatasi ikafunuliwa. "Wakili, nikishasaini, mimi bado ni mume wake?"

"Karatasi hii ni ya nyumba peke yake, Mzee. Ndoa ina korti yake."

Kalamu ilisikika ikikwaruza. Waithira aligundua kwamba ameshika mkoba wake kwa nguvu, akaulegeza.

Nje, barabarani, Wahome alimuuliza kama atamjulisha akihama.

"Kahiga atakuambia," alisema. Halafu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na Wahome alikuwa akitokwa na jasho, akaongeza, "Vua hilo koti." Wahome akalivua, akalikunja mkononi, akaenda zake stendi.

Mauzo yalikamilika mvua zilipoanza. Hati mpya ikatoka kwa jina la Ooko, naye Waithira akamkabidhi funguo. Awuor alimsaidia kufunga vyombo kutwa nzima, na lori lilipowasha injini akalia kwa sauti, mpaka Waithira akashuka tena kumbembeleza.

Sasa anaishi Maseno. Ana meza ndogo ya mapazia mbele ya duka la mwanawe, na wanafunzi wanaopanga vyumba hununua yale mafupi. Wakili Lorine alimpigia simu kuuliza kama angependa kuanzisha kesi ya talaka, kwa kuwa sasa mume amepatikana. Waithira alisema atalifikiria. Bado hajampa jibu.