Kibao cha Kushoto

Nilisikia kwanza risasi zikidondoka. Tik. Kimya. Tik, kisha ile sauti ndefu ya kitu kidogo kinachobingirika juu ya vigae mpaka ukutani. Nilikuwa bado koridoni na dele la kahawa mkononi, nikajua mzee amejaribu tena kujaza bastola peke yake.

Zilikuwa risasi za mazoezi, hazina baruti. Nilipiga magoti kuziokota huku yeye akitazama dirishani, kuelekea mashamba ya Umm Salal, hapa Katar. Kazi ya kumuuguza ndiyo iliyonitoa Kenya. Ugonjwa wa kutetemeka ulishaishika mikono yake yote miwili, na klabu ya shabaha ilikuwa imemwambia wazi: asiyeweza kujaza silaha yake mwenyewe hasimami tena mstarini, na hakuna ruhusa ya kujaziwa. Kesho yake mkufunzi alikuwa anamsubiri kumpima.

Tumaini letu lilikuwa spidiloda, kifaa cha mviringo kinachoshika risasi sita kwa pamoja. Unakisimamisha nyuma ya silinda, unasukuma, zote zinaingia. Mkono unaotetemeka unalenga mara moja tu. Lakini rivolva yake ilikuwa bado na mpini wake wa asili, vibao viwili vya mbao, na kile cha kushoto kilikuwa kinene juu, palepale silinda inapofungukia. Tulijaribu spidiloda ya chuma, tukajaribu ya plastiki. Zote ziligonga mbao zikakaa upande, risasi nyingine zikiingia, nyingine zikining'inia nje.

Juu ya kibao hicho palikuwa na kibonde cha kidole gumba. Hakikuwa cha mzee. Kilichimbwa na kidole cha kaka yake, aliyeishika bastola hiyo tangu ujana hadi alipokufa. Siku moja mzee aliniambia niweke kidole pale. Nikaweka, nikahisi nimesalimiwa na mtu ambaye sitamwona kamwe.

Alasiri hiyo rafiki yake wa klabuni alikuja na spidiloda ya tatu, aliyoitafuta safarini hadi akaipata. Aliijaza, akaisogeza kwenye silinda, na sote watatu tukasikia plastiki ikigonga mbao.

"Bastola hii ina kiburi kuliko mwenyewe," alisema.

Mzee alicheka kidogo. Rafiki akaeleza kwamba fundi angeweza kukwangua mbao, unene wa ukucha tu, na spidiloda yoyote ingekaa. Mzee akamuuliza fundi akwangue wapi. Rafiki akaonyesha, na kidole chake kikatua kwenye ukingo wa kile kibonde. Alikiondoa haraka, kama aliyeungua.

Nilitaka kusema, kata, baba. Nilizijua siku zake zisizo na klabu: anavyokaa na kanzu iliyopigwa pasi, hana pa kwenda, mpaka giza linaingia.

"Nikimkata yeye," mzee alisema, "nitasimama pale na nani?"

Kisha akamwomba rafiki aipeleke rivolva ikafungiwe stoo ya klabu, na amwambie mkufunzi asimsubiri.

Nikamimina kahawa. Huku, mtu anayetikisa finjani amesema imetosha. Finjani ya mzee hutikisika tangu anapoipokea, na kwenye majlis za watu, vyumba vya kupokelea wageni, wahudumu humpita, naye hanung'uniki. Mimi nilijifunza kutoisikiliza finjani, kummiminia tu. Ilipotikisika nikainama na dele.

"Basi, binti yangu," alisema. "Leo inasema kweli."

Rafiki alilaza rivolva ndani ya kisanduku chake. Akamgusa mzee begani. Mzee aliendelea kuishika finjani tupu, ikigongana na pete yake, hadi mlango ulipofungwa nyuma ya mgeni.