Mahabusu Aliyeogopa Usingizi

Siku yangu ya kwanza kazini Kigoma, Mkuu wa Gereza hakunionyesha stoo wala jiko. Alinipeleka moja kwa moja kwenye selo ya mwisho.

“Huyu kamuua mdogo wake, anadai alikuwa usingizini,” akasema. “Wewe utamlinda anapolala.”

Niliogopa, siwafichi. Mahabusu ni mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa, na chuoni nilifundishwa kumlinda asitoroke. Kumlinda asiinuke usingizini hakuna aliyenifundisha.

Mahabusu huyo, Rubeni, alikuwa mvuvi wa Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zao za karabai, kisha hulala mchana. Mchana mmoja aliinuka macho wazi, akashika kirungu wanachopigia samaki wakubwa, sangala, mtumbwini, akampiga nacho mdogo wake aliyekuwa akishona wavu wa kijiji cha ujamaa. Alipozinduka alidhani ile damu ni ya samaki.

Baada ya ugali wa mchana, wenzake wa selo walijibana ukutani. Rubeni akaninyooshea mguu.

“Afande, nifunge. Nyumbani mke wangu hunifunga kitandani, ndiyo nalala.”

Mkuu aliruhusu pingu. Nilimfunga mguu kwenye nondo za mlango, akalala.

Siku ya kesi nilimsindikiza mahakamani. Jaji wa Mahakama Kuu akaketi na wazee wa baraza, yaani raia wanaomshauri. Adhabu ya mauaji ilikuwa kunyongwa. Daktari alieleza kwamba ugonjwa wa kuinuka na kutenda mambo usingizini upo, na wala si kichaa. Mwendesha mashtaka akamgeukia mke wa Rubeni.

“Mlijua anaumwa. Mbona siku hiyo hakufungwa?”

“Nilimfunga, baba. Shemeji marehemu ndiye aliyemfungua. Wavu ulichanika, akaitaka kamba aushonee, na nyingine hatukuwa nayo. Akaniambia, ‘Wewe nenda kisimani, mimi nipo, nitamwangalia.’”

Wazee wa baraza wakatoa ushauri wao. Jaji akasema mkono ulipiga lakini nia haikuwepo, na kitendo kisicho cha hiari si kosa. Akamwachia huru.

Rubeni hakusogea. “Afande,” akaninong'oneza, “sasa nani atanifunga?”

Mkewe alikuwa akimsubiri nje, kajifunga kiunoni kamba ya kumfungia.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu, kisha Kibondo. Nimelinda majambazi wengi, na hakuna aliyenitisha kama mtu yule mpole. Sasa nimestaafu, naishi Ujiji. Kila asubuhi kabla ya chai namwuliza mke wangu, “Usiku niliinuka?”

Hunicheka. Nami sishiki kikombe mpaka aseme hapana.