Kiraka cha Mbwana

Pale karakana ya boti Msasani, kazi mbovu ina jina lake. Fundi akiziba kitu kikavuja, hadi juzi wenzake walikuwa wanamcheka: "Aa, kiraka cha Mbwana hicho!" Wengi waliokuwa wanasema hivyo hata hawakumwona huyo Mbwana. Mie nilimbeba mgongoni. Ni mdogo wangu, tumbo moja.

Mume wangu Mwishehe ndiye aliyemfundisha kazi ya faiba, zile nyuzi za kioo zinazolowekwa gundi kuundia na kuzibia boti. Miaka ishirini na mbili nafua ovaroli zao zinazowasha, kwa hiyo msinione najitia fundi. Hawa wakimaliza kiraka, gundi ikianza kushika, kila mtu anabonyeza gumba lake pembeni. Ndiyo sahihi yao. Gumba la Mwishehe lina mstari katikati, grenda, mashine yao ya kukatia na kusugulia, ilimpasua zamani. La Mbwana lilikuwa dogo, halina kovu.

Mzee Hashil, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na yoti kuukuu, boti yake ya starehe. Tangi la choo chake, lile linalotunza uchafu mpaka ukamwagwe, lilibanwa chini ya kitanda cha mbele, na lilikuwa na nyufa mbili. Mbwana akaziba wa chini, Mwishehe akaziba wa nyuma, penye bomba. Yoti ikashushwa majini. Siku ya pili uchafu ukawa unadondoka chini, palepale kwenye kiraka cha Mbwana. Mwishehe na hasira zake zile hakufungua hata ubao mmoja atazame nyuma. Akamfukuza shemeji yake mbele ya watu wote. Mzee Hashil akakifunga choo, yoti ikapandishwa juu ya magogo, ikakaa miaka saba.

Mbwana alikuja nyumbani kwetu Mwananyamala, Mwishehe hayupo. Mafundi hawa hugonga faiba kwa sarafu wasikilize kama imeshikana, na yeye aligonga kila kitu hivyo, hata milango: mbili, anasikiliza, moja.

"Dada, mie nilikausha, nikapangusa. Kinachovuja si changu. Mwambie shemeji afungue nyuma."

Nami nikamjibu nini? "Mbwana, usinivunjie nyumba." Nikafunga mlango.

Hakugonga tena. Kazi ya boti hakupewa tena na mtu, akaenda Mbagala kusukuma mkokoteni wa maji, na mwaka wa tatu presha ikamwangusha barabarani. Tangu tumzike, Mwishehe akawa anasikia ndani ya boti tupu, mchana kweupe: mbili, kimya, moja. Siku moja alitoka mbio akaacha grenda inazunguka. Nikamwambia ni panya. Panya gani! Mie mwenyewe nasikia mlangoni nikiwa napika, na sikumwambia.

Mwezi uliopita Mzee Hashil akataka yoti yake irudi majini. Mwishehe alikwenda miguu mizito. Akang'oa kitanda, akafyonza uchafu uliobaki, akaosha siku mbili kitambaa puani. Halafu akajaza tangi maji yaliyotiwa rangi nyekundu, akapangusa nje likawa kavu, akakaa na tochi. Maji yakachomoza nyuma, penye bomba. Yakateremka ubavuni mwa tangi, yakafika chini, yakadondokea kwenye kiraka cha Mbwana.

Akasikia tena: mbili, kimya, moja. Safari hii hakukimbia. Akatoa sarafu, akagonga kiraka cha chini, kikalia kikavu, kigumu. Akagonga cha nyuma, kikalia kama nazi mbovu. Akasogeza tochi pembeni yake. Gumba lenye mstari.

Akakumbuka. Ilikuwa Ramadhani, magharibi imekaribia, ufa una unyevu, akasema utakaukia humohumo ndani ya gundi. Alikuwa anawahi futari. Futari yangu mie, tambi na mihogo ya nazi.

Alikikata kile kiraka, akakausha ufa kwa feni hadi kesho yake, akaziba upya. Cha Mbwana hakukigusa. Kisha akawaita mafundi wote. "Kazi mbovu ilikuwa yangu. Nilimwonea. Kuanzia leo ikivuja, semeni kiraka cha Mwishehe." Wakaanza kucheka, wakaona analia, wakarudi kazini.

Kipande alichokata alikuja nacho nyumbani, akakiweka mkekani.

"Salma, nilimdhulumu ndugu yako. Nisamehe."

Wallahi nilitaka kumpiga nacho. Nilikishika, nikaona lile gumba, nikakirudisha mkekani.

"Alikuja hapa," nikamwambia. "Aliniomba nikuambie ufungue nyuma. Sikukuambia."

"Alisema nyuma?"

"Alisema nyuma."

Mwishehe hakuninyanyulia sauti, na afadhali angefanya hivyo. Alikichukua kile kipande, akatoka nacho nje.

Sasa kule karakana wanasema kiraka cha Mwishehe, na yeye anaitikia. Yoti inaelea, tangi kavu. Anasema ndani ya boti kumetulia, hasikii kitu tena.

Mie bado nasikia. Mbili, kimya, moja. Naacha mafuta motoni, nakimbilia mlango, nafungua, na hakuna mtu.