Dakika Hamsini Kwenda, Arobaini Kurudi

Mpima mizigo wa uwanja mdogo wa ndege, ambaye wote walimwita Fundi Mizani, alikuwa na jambo lililomkereketa kwa miaka. Kutoka uwanja wao hadi ule wa ng'ambo ya milima, ramani ya ukutani ilionyesha kilomita mia moja na sitini. Ndege ni ileile, rubani yuleyule. Mbona kwenda ilichukua dakika hamsini, na kurudi arobaini tu?

"Upepo," alisema mpakizi, mtu asiyekosa jibu.

"Upepo gani huo usiogeuka, masika na kiangazi?"

Rubani, mwanamama wa maneno machache, alimjibu vilevile kila mara: "Panda siku moja, mzee, ujionee." Lakini Fundi kazi yake ilikuwa chini, na chini ndiko alikobaki.

Kisha binti yake akajifungua huko ng'ambo. Kwa barabara ni kuzunguka siku mbili, na likizo aliyopewa ilikuwa hizo hizo mbili. Rubani akamwambia kuna kiti kimoja. Asubuhi Fundi akaja na shati lililopigwa pasi, begi begani, kakumbatia kitanda cha mtoto alichokiranda mwenyewe kwa mbao ngumu.

Akapanda mizani nacho. Mpakizi aliinama kusoma, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Leo umepatikana! Si wewe uliyemvulisha bibi harusi viatu hapa hapa?"

"Acha maneno. Nimezidi?"

"Kitanda kizima. Kiende chenyewe, au uende wewe. Au nifumbe jicho?"

"Fumba uone kama sitakushtaki mwenyewe."

Fundi alipitisha kiganja kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa ameupiga msasa mpaka ukawa laini kama sabuni. Kitanda kingeweza kungoja ndege ya wiki ijayo. Likizo yake isingengoja. Akakiweka chini.

"Kipeleke stoo. Na usikikalie."

Walimpa kiti cha mbele, kando ya rubani. Ndege ikapaa, mlima ukajaa kioo chote, naye akakaza macho auone kwa juu. Badala yake ndege ikalala upande wa kushoto, ikaufuata mto bondeni.

"Mwanangu, tumepotea?"

"Tumejaa, mzee. Na mzigo huu wote, mlima ule siuwezi. Nauzunguka. Nikirudi karibu mtupu, napita juu yake."

Fundi akageuka kutazama nyuma: magunia, maboksi ya dawa, abiria wamebanana. Yote hayo aliyapima yeye. Kila asubuhi alikuwa akilisoma jibu lake kwa sauti, kilo baada ya kilo, wala asilitambue. Akacheka peke yake, abiria wakatazamana.

Binti yake alimngoja kwenye uzio, mtoto kifuani.

"Baba! Kitanda kiko wapi?"

"Kimebaki. Ilikuwa mimi au chenyewe."

"Ungekuja wewe hata bila begi. Kitanda kingenisaidia nini kama usingemwona mjukuu wako?"

"Sikiliza, mama, unajua kwa nini ndege yetu inachelewa kuja huku? Kuna mlima..."

"Baba, mshike mtoto kwanza."

Akampokea, akamweka sawa mkononi. Na kwa kuwa binti alikwishatangulia na begi, huyo mtoto ndiye aliyesimuliwa habari yote ya mlima, kuanzia pale mto unapopinda.