Chui wa Sikio Lililopasuka

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema milima yetu haina chui, ati wamekwisha zamani, damu hunichemka. Wamekwisha! Kwani wewe ulikuwepo? Bibi yangu alikuwepo. Alimwona kwa macho yake mawili, jua limeshatoka, nje ya mji wa Ibra, huku Omani, pale mfereji wa falaji unapotokeza kabla ya kuingia kwenye mitende. Na bibi yangu hakuwa mtu wa kuzua.

Ilikuwa miaka ya tisini, mie nasomesha skuli ya wasichana. Bibi alikuwa haamini mashine ya kufulia, anasema inazungusha uchafu tu, basi kanga zake akenda kuzifua mwenyewe kwenye falaji. Asubuhi hiyo alirudi na kapu lake, nguo kavu vilevile, akakaa kitako barazani.

"Nimemwona chui," akasema. "Dume. Anakunywa maji. Sikio la kushoto limepasuka mpaka shinani."

Nikamuuliza, wewe ulifanya nini? "Nimemsalimu," akasema. "Nimemwambia bwana, umefika mbali, rudi kwenu."

Msicheke. Bibi alizaliwa shamba, kusini ya Unguja, na huko kwao watu walishika kwamba kila chui ana mwenyewe, mtu aliyemfuga na kumtuma. Ukikutana naye hukimbii wala hukamati gongo. Unamsalimu kwa adabu, unamrudisha kwa bwana wake, kisha unakwenda kuuliza mjini ni wa nani, mwenyewe aambiwe amzuie. Bibi alikaa Omani miaka ishirini na hilo halikumtoka.

Habari zikaenea kabla ya adhuhuri. Jirani mmoja akasema ni paka wa jabali. Mwengine akasema ni mbwa, macho ya bikizee hayo. Wa tatu, ambaye kila Ijumaa alikuwa haondoki kwetu mpaka ale mkate wa kumimina, akasema hawa Wazinjibari wamekuja na uchawi wao. Na mkate wetu bado uko tumboni mwake!

Siku ya tatu akaja bwana mmoja wa serikali, kazi yake wanyama wa porini. Kanzu nyeupe pe, daftari jipya, kalamu mbili mfukoni. Tukamkaribisha sebuleni, tende na kahawa, mjomba wangu akakaa naye. Bibi Kiarabu cha huku kilikuwa kikimpiga chenga, basi mie ndiye mkalimani. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Wapi? Saa ngapi? Mkubwa kiasi gani? Bwana anaandika.

Kisha Bibi akasema, "Mwambie wamtafute mwenyewe haraka, kabla watu hawajamdhuru."

Nikatafsiri kama lilivyo. Yule bwana akamtazama mjomba, mjomba akamtazama yeye, wakaangua kicheko. Mjomba wangu, mwanawe wa kumzaa! "Huyo mwenyewe humfunga kamba?" akauliza bwana, akafunika daftari. Uso wangu uliwaka moto. Bibi hakufahamu kinachochekwa, akaendelea kusema, ananyoosha kidole kwenye sikio lake la kushoto, anarudia, anarudia. Bwana akaniuliza, anasema nini? Nikamjibu neno moja, akainuka akaaga.

Lile la mwenyewe likatoka nje na kicheko chake, na lilipozunguka mji likarudi limegeuka: mwenyewe ni Bibi, yeye ndiye anayemfuga. Bibi alikuwa akisomesha watoto juzuu za Kurani barazani kwetu, alasiri zote, bila ya malipo. Wakaanza kupungua. Huyu anaumwa, yule ana mitihani. Kabla ya Ramadhani baraza ilikuwa tupu, na Bibi bado anatandika mkeka kila alasiri, anakaa anangoja. Wallahi nilitamani kwenda kuwagongea milango wale mama mmoja mmoja niwatolee uvivu. Nilimchukia yule bwana wa daftari, nikamnunia mjomba miezi. Chuki hiyo niliilea vizuri, zaidi ya miaka kumi.

Hata siku moja nikenda kutoa mkono wa tanzia kwa mwalimu mwenzangu, kijiji cha juu milimani. Chumba cha wanawake, ukutani juu ya mabirika ya kahawa, ngozi ya chui. Nikainuka nikaligusa sikio la kushoto. Limepasuka mpaka shinani, limeshonwa kwa uzi mweusi.

Mama wa nyumba akanambia mumewe ndiye aliyempiga risasi, kwa kuwa chui alichukua mbuzi wao wawili. Lini? Akahesabu kwa vidole kwa umri wa binti yake wa mwisho. Ulikuwa mwaka ule ule, wiki chache baada ya Bibi kumwona. "Hakuna aliyekuja kutuambia tusimguse," akasema, na hakuwa na kosa.

Nikarudi Ibra moja kwa moja. Bibi hatembei tena, yuko kitandani na tasbihi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamhadithia yote, ngozi, uzi mweusi, mbuzi wawili. Akapandisha hasira ambayo sikudhani bado anayo.

"Na mie niliwapa alama! Chui wa sikio lile angekuwa mmoja tu milima yote hii. Wangeuliza tu, wangempata, na watu wangeona kama sikusema uongo. Yule bwana kwa nini hakuandika sikio?"

Ningeweza kumtukana yule bwana tena. Mazoea nilikuwa nayo.

"Sikumwambia, Bibi," nikasema. "Walipocheka niliona haya. Aliponiuliza unasema nini, nilimwambia unamshukuru kwa kuja."

Tasbihi ikasimama mkononi. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wale majirani waliowatoa watoto wao barazani.

"Mie?" akasema. "Mie nimshukuru yule?"