Punda Aliyekuja Nilipomwita

Ilianza siku ya Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni. Nilikuwa nimetoka shule, nimekaa nje navua viatu, baba akatokea akimvuta punda jike kwa kamba. Alimnunua mnadani kwa mtu wa Lingeka. Punda alikuwa na vidonda mgongoni, anatembea upande upande kama mgeni anayepita uani kwa watu asiowajua. Nikajiona mimi kabisa.

Baba alisema huyu ni wa maji. Kiangazi, sisi hapa Mwamapalala tunachota mtoni, kwenye visima tunavyochimba mchangani, na tangu mama aumwe mgongo hawezi kujitwika ndoo. Kwa hiyo nachota mimi, safari mbili kabla ya shule, na nafika kipindi cha kwanza kimeshaisha. Kipindi hicho karibu kila siku ni hesabu, na niko kidato cha tatu. Nikiulizwa kwa nini nimechelewa maneno yananikwama, nakuwa naangalia viatu vyangu tu. Punda akikubali kubeba madumu, ningeingia darasani na wenzangu. Asipokubali, baba alisema, atarudi mnadani.

Tatizo ni kwamba kwetu watu wanajua ng'ombe. Ng'ombe akiwa mgumu anafungwa, anaangushwa, anachapwa, na kesho yake anavuta jembe. Baba na baba mdogo walimfanyia punda hivyohivyo. Yeye akalala chini na kugoma kuinuka. Baba mdogo alichapa mpaka mkono ukamchoka, akamgeukia baba, "Ngosha, wamekuuzia gogo." Wakacheka, wakaenda zao.

Mimi sikuwa na ujuzi wowote. Nilikuwa namwogopa, basi nilikaa mbali kidogo ndani ya zizi, nikampa mgongo, nikafanya kazi za shule. Jioni iliyofuata hivyo hivyo. Nikaanza kuweka michembe nyuma yangu, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na sikugeuka hata niliposikia anatafuna. Siku moja nikasikia pumzi yake ya moto shingoni. Hata hapo sikugeuka. Aliponiruhusu kumgusa nilianza na shingo, halafu masikio, mgongo mwisho kabisa kwa sababu ya vidonda. Nilimsemesha Kisukuma cha polepole, mambo ambayo simwambii mtu.

Vidonda vilipofunga nikamwekea gunia tupu mgongoni. Baadaye madumu matupu. Baadaye madumu yenye maji, kidogo kwanza. Asubuhi aliyobeba mzigo wote alinifuata kutoka mtoni mpaka nyumbani, kamba ikining'inia begani kwangu bila kuvutwa. Wiki ile nilikuwa mstarini na wenzangu. Nilinyoosha kidole kwenye hesabu. Nilikosa, lakini nilinyoosha.

Kisha punda wakaanza kuibwa. Jirani yetu alikuta wake vichakani, amechunwa, ngozi wameondoka nayo. Baba akasema wetu lazima apigwe chapa ya moto pajani, kama ng'ombe wote wa ukoo wetu, ili hata akikutwa mbali ajulikane. Sikuweza kumlaumu, hata mimi nilikuwa silali vizuri. Ila nilimwomba anipe muda nimzoeshe punda kushikwa mguu kwanza. Akaniuliza kama na mwizi nimemwomba asubiri.

Jumapili baada ya kanisa chuma kilikuwa motoni. Walimkimbiza punda humo zizini hadi wakalowa jasho. Baba mdogo alipigwa teke la paja, akakaa chini akisema huyu ni askari, sio punda. Ndipo baba akaniita.

"Mayu, mwite wewe. Kwako anakuja."

"Baba, nikimwita leo hatakuja tena."

"Atakuja. Mnyama anasahau."

Nilimtazama mama aliyesimama mlangoni. Aligeuka akaingia ndani. Nikagonga ulimi kama ninavyofanya tukiwa mtoni. Punda aliacha kukimbia, akaja moja kwa moja, masikio mbele, akaweka pua yake tumboni kwangu. Nikamfunika macho kwa kanga. Alinisukuma kwa paji la uso, na sio kwamba alitaka kutoka. Alikuwa anajificha kwangu. Halafu ikaja ile harufu ya nywele na nyama inayoungua.

Aliruka akaniangusha, akakimbia na kanga yangu kichwani mpaka ikanasa kwenye miiba ya ua wa zizi. Baba aliniinua, akanipangusa vumbi, akasema nimefanya vizuri, sasa punda ni wa kwetu. Aliongea kwa upole kweli. Hilo ndilo lililoniliza.

Jioni nilipeleka michembe, nikakaa, nikampa mgongo. Giza likaingia. Nilipogeuka michembe yote ilikuwa palepale.

Asubuhi yake nilimkuta kwenye kona, paja amelificha upande wa miiba. "Mwangaluka," nilimwamkia. Akarudi nyuma mpaka miiba ikamchoma, na bado akazidi kurudi. Baba alikuja na kamba, akasema nimfunge nimvute tu, kazi ameshaijua.

"Hapana, baba."

Nilikuwa sijawahi kumwambia baba hapana. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nikamwambia maji nitachota mimi, hata kama itakuwa mpaka mvua zinyeshe, ila huyu asivutwe na mtu. Baba aliniangalia. Halafu akaikunja kamba akaingia nayo ndani.

Nilichukua ndoo nikaenda mtoni peke yangu. Kisima kilikuwa kimefukiwa na mchanga usiku, nikakifukua kwa mikono, nikangoja maji yajae. Nilirudi nikamimina kwenye pipa. Nilikuwa najiweka sawa kwa safari ya pili niliposikia kengele ya shule inagongwa.